Figiri mbichi: kilichomo kwenye jani na kinachofika sahanini

Punje ya haradali wengi wetu tunaijua kwa mawaidha na mahubiri kuliko kwa jikoni. Jikoni tunakutana nayo kwenye achari, basi. Majani yake, hata hivyo, tunayala mara kwa mara bila kujua kwamba ni ya haradali. Sokoni Tanzania muuzaji atakwambia ni figiri. Arusha utasikia loshuu, na magharibi mwa Kenya kanzira. Jina figiri nalo lina safari yake: kwenye kamusi figili ni ule mzizi mweupe mkali, neno lenye asili ya Kiarabu, lakini ukiomba figiri gengeni leo utapewa fungu la majani.

Kwa wataalamu wa mimea, majina hayo yanabeba mimea miwili iliyo ndugu: haradali ya kahawia (Brassica juncea) na haradali ya Ethiopia (Brassica carinata), ambayo ndiyo loshuu. Mwaka 1935 mtafiti Nagaharu U alieleza nasaba yao. Ya kwanza ilizaliwa kwa kuchanganyika haradali nyeusi na ukoo wa chainizi, ya pili kwa haradali nyeusi na ukoo wa kabichi na sukuma wiki. Takwimu ninazozitaja hapa ni za ile ya kwanza, kutoka kwenye majedwali ya chakula ya Wizara ya Kilimo ya Marekani. Ndugu yake hatofautiani naye sana, ila msinishike kwa kila miligramu.

Gramu 100 za majani mabichi zina kilokalori 27 tu, kwa sababu zaidi ya gramu 90 ni maji. Kuna protini karibu gramu 3 na nyuzinyuzi gramu 3.2. Vitamini C ni miligramu 70. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima, kwa hiyo hata viganja viwili vya majani, kama gramu 60 hivi, vinakaribia kuitosheleza siku nzima. Vitamini K ni mikrogramu 257, zaidi ya mara mbili ya anachohitaji mtu mzima kwa siku.

Lakini mimi nikisimama mbele ya akina mama kliniki, ninachokisema kwanza ni kalsiamu. Majani haya yana miligramu 115 kwa gramu 100, karibu sawasawa na maziwa ya ng'ombe ya uzito huohuo. Mtu atasema, hata spinachi ina kalsiamu. Ni kweli, inayo, ila imefungwa na oksalati, kiambata cha asili kilichomo kwenye jani, na mwili hufanikiwa kuchukua kama asilimia 5 tu. Mchicha nao una oksalati nyingi. Jamii ya haradali haina tatizo hilo: kalsiamu yake hufyonzwa vizuri, kwa kiwango kisichopungua kile cha maziwa, ambacho ni kama thuluthi moja. Kwa nyumba ambayo maziwa ni ya kwenye chai peke yake, hilo si jambo dogo.

Kwenye madini ya chuma nitakuwa mkweli zaidi kuliko mabango mengi ya mboga za majani. Ni miligramu 1.6 hivi, na chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida. Vitamini C iliyomo kwenye jani husaidia, na ndimu husaidia zaidi. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huharibu kazi hiyo, kwa hiyo isubiri saa moja au mbili.

Sasa, mbichi au iliyopikwa? Hapa watu husoma majedwali vibaya. Wakiona vitamini K ya figiri iliyochemshwa ni mikrogramu 590 na zaidi, wanadhani moto umeiongeza. Moto hauongezi kitu. Fungu likiingia sufuriani hunywea, na gramu 100 zilizoiva zimetokana na majani mengi zaidi. Hata baada ya kunywea huko, vitamini C kwenye hizo gramu 100 ni miligramu 25 tu, kutoka 70. Sehemu imeharibiwa na joto, na sehemu imetoka ndani ya maji. Ukiyamwaga maji, umeimwaga nayo.

Hasara nyingine hutokea kabla ya moto. Wengi wetu tunakata mboga nyembamba kama nywele, halafu ndipo tunaiosha, tena mara tatu. Osha jani likiwa zima, kisha kata. Ukishakata, liache dakika chache kabla ya kulipika. Ule ukali unaopanda puani hautoki kwenye jani zima: unazaliwa pale kisu kinapopasua chembe zake na kimeng'enya, yaani kichocheo cha asili kilichomo kwenye jani, kukutana na viambata vyenye salfa. Joto hukiua kimeng'enya hicho, ndiyo maana figiri iliyoiva ni ya upole. Unga wa mbegu ya haradali ukinyunyiziwa juu ya mboga iliyokwisha kuiva hukirudisha. Viambata vya ukali huo vimechunguzwa sana maabara kuhusu saratani, lakini anayekuuzia figiri kama dawa ya saratani anakudanganya.

Kwa anayetaka kuila mbichi, chagua majani machanga, kata, changanya na nyanya na kitunguu kama kachumbari, kamulia ndimu. Weka na parachichi au karanga zilizopondwa, maana vitamini A ya majani huhitaji mafuta ili ifyonzwe. Ukiona ni kali mno, kaanga dakika mbili tatu na usiongeze maji. Hasara itakuwa ndogo.

Ubichi una masharti yake. Osha jani mojamoja kwa maji safi na salama yanayotiririka, kwa sababu mayai ya minyoo na vimelea vya homa ya matumbo havionekani kwa macho. Kipindupindu kikiwa mtaani, acha kabisa mboga mbichi, pika. Mjamzito asiye na uhakika wa maji aliyooshea naye apike. Na mboga iliyooteshwa kwenye mabonde ya mijini, inayomwagiliwa maji ya mfereji unaopitisha taka za viwanda, hiyo ni habari nyingine: madini ya risasi yaliyokwisha kuingia ndani ya jani hayatoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Muulize muuzaji mzigo umetoka wapi. Wanajua, ingawa mara nyingine watakuangalia kwa mshangao.

Kundi moja lizingatie zaidi: wanaotumia warfarini ya kuzuia damu kuganda. Vitamini K hupingana na dawa hiyo. Hatuwaambii waache mboga, tunawaambia wasibadilishe ghafla kiasi wanachokula bila kumweleza daktari. Mwenye rovu au tatizo la tezi ya shingo naye asile mbichi kwa wingi kila siku, na chumvi ya nyumbani iwe yenye madini joto.

Njia ya uhakika zaidi ni kuotesha mwenyewe. Gunia la udongo na samadi, lenye matundu ubavuni, linatosha uani. Baada ya wiki nne hivi unaanza kuchuma majani ya nje, ukiacha ya katikati yaendelee. Mmea ukianza kutoa maua ya njano, majani hukomaa na kuwa makali. Uache mmoja ufike mwisho. Maganda yake ya mbegu yakikauka utapata mbegu za kupanda tena, na nyingine za kusaga ukanyunyize kwenye mboga iliyoiva.