Kabla ya kuongeza makala, unganisha zilizopo

Wenye tovuti wengi wanaonitafuta wakitaka kupanda kwenye Google huja na wazo moja: tuandike makala zaidi. Mimi huomba kwanza kuona zile zilizopo zimeunganishwa vipi. Mara nyingi kazi kubwa iko hapo.

Chukua kampuni za utalii za Arusha na Moshi zinazopandisha wageni Kilimanjaro. Wanachouza hasa ni njia za mlimani: Marangu, Machame, Lemosho, Rongai, Umbwe na ile inayozunguka upande wa kaskazini. Sasa fungua tovuti ya kampuni ya kawaida. Ukurasa wa Lemosho una bei, ratiba na picha nzuri, lakini ili uufikie lazima ufungue menyu, uingie "Safari zetu", kisha "Kupanda milima", halafu uende ukurasa wa pili wa orodha. Kwenye tovuti hiyohiyo kuna makala ya ugonjwa wa mwinuko inayosomwa kila siku. Inamshauri msomaji achague njia yenye siku nyingi ili mwili uzoee, na inaishia hapo. Hakuna hata linki moja ya kumpeleka Lemosho. Inaniuma kila ninapoliona hilo, maana mteja alikuwa ameshafika mlangoni.

Google nayo inapata hasara ileile ya msomaji. Roboti yake, Googlebot, hugundua kurasa hasa kwa kufuata linki: inaingia ukurasa mmoja, inakusanya anwani ilizozikuta, inaziweka kwenye foleni. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza PageRank, hesabu inayoupa ukurasa uzito kutokana na kurasa zinazouelekea na uzito wa kurasa hizo zenyewe. Leo Google inaangalia mambo mengine mengi, lakini hesabu hiyo haijatupwa, na linki za ndani ya tovuti yako zimo. Kwa kawaida ukurasa wa mwanzo ndio unaopata linki nyingi kutoka nje, kwa hiyo kilicho karibu nao hunufaika, na kilichozikwa ndani hubaki na makombo.

Hapo huambiwa, "Lakini tumeweka sitemapu," yaani faili linaloorodhesha anwani za kurasa za tovuti. Vizuri, iwepo. Faili moja linabeba hadi anwani 50,000, na linasaidia Google kujua ukurasa upo. Haliiambii ukurasa upi ni muhimu kwako wala unahusiana na upi. Ukurasa uliomo kwenye sitemapu tu, bila linki hata moja kutoka kurasa nyingine, bado ni yatima.

Mpangilio ninaoupendelea ni mwepesi. Kuwe na ukurasa mmoja mkuu wa Kilimanjaro, unaofikiwa moja kwa moja kutoka ukurasa wa mwanzo. Uieleze kila njia kwa sentensi mbili tatu na kumpeleka msomaji kwenye ukurasa wake. Kila njia irudishe linki kwa mkuu huo, kisha iwaelekee jirani zake kwa sababu inayoeleweka. Lemosho na Machame hukutana kabla ya kambi ya Barranco, kwa hiyo mgeni atataka kuzilinganisha. Marangu ndiyo yenye vibanda vya kulala, basi asiyependa hema aonyeshwe huko. Ukifuata maswali ya mgeni mwenyewe, linki zinajipanga. Si lazima kila ukurasa uelekee kila ukurasa. Safari ya Serengeti haina cha kufanya katikati ya makala ya viatu vya mlimani.

Maneno ya linki yana kazi pia. "Bofya hapa" haimwambii mtu kitu, hasa asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini na kusomewa orodha ya linki peke yake. Andika "ratiba ya siku 8 ya Lemosho".

Kiufundi, hakikisha linki ni ya kweli, yenye href, yaani sehemu ya msimbo inayotaja anwani ya ukurasa unaoelekewa. Kitufe kinachofunguka kwa JavaScript pekee (programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari) huenda Googlebot isikifuate. Na acha tabia ya kufungua ukurasa mpya wa bei kila mwaka. Tumia anwani moja isiyo na mwaka, zile za zamani zielekeze huko kwa 301 (uelekezaji wa kudumu), kisha rekebisha linki za ndani zifike moja kwa moja.

Pa kuanzia ni Google Search Console, zana ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi Google inavyoiona: fungua ripoti ya linki, sehemu ya linki za ndani. Panga kuanzia kurasa zenye linki chache, utafute zile zinazokuingizia fedha. Kisha fungua makala zako zinazosomwa zaidi, uziunganishe nazo kwa sentensi halisi katikati ya maelezo. Kama kuna ukurasa wa mauzo usiouona kabisa kwenye orodha hiyo, shughulikia huo kwanza.