Jeni zinapochelewa kuamka

Ndugu za wagonjwa huniuliza swali moja tena na tena: watu wawili wameambukizwa kirusi kilekile, mbona mmoja amepona nyumbani baada ya siku chache na mwenzake amelazwa kwenye mashine ya kupumulia? Umri huchangia, kisukari na unene pia. Lakini sehemu ya jibu naiona maabara, ndani ya seli nyeupe za damu.

Seli zetu zina jeni zilezile. Zinatofautiana kwa jeni zilizowashwa. Jeni ikiwashwa, seli hunakili maagizo yake katika RNA, na nakala hizo tunaweza kuzihesabu kwenye damu kidogo tu.

Kundi ninalolitafuta kwanza ni la interferoni, protini iliyogunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Seli iliyovamiwa huitoa ili kuwaonya majirani, nao huwasha mamia ya jeni za kukizuia kirusi kisizaliane, zikiwemo OAS1 na IFITM3. Nikizikuta zimepanda siku za mwanzo, napata matumaini.

Ninachokiogopa ni kinyume chake: jeni za interferoni zimenyamaza, huku zile za mchochota (uvimbe na joto linaloletwa na kinga ikipambana), kama IL6 na TNF, zikipamba moto. Sura hiyo ilielezwa mwaka 2020 kwa wagonjwa mahututi wa UVIKO-19. Kirusi kimepata nafasi ya kuzaliana bila bughudha, kisha mwili unashtuka na kumwaga seli mapafuni kwa wingi. Vifuko vya hewa vinajaa majimaji, oksijeni haipenyi. Kufikia hapo, kinga yenyewe imekuwa sehemu ya maradhi. Ndiyo maana nasikitika mgonjwa anapouziwa vitu vya "kuongeza kinga". Mara nyingi kilichopungua si nguvu, ni kuwahi.

Kwa nini interferoni ichelewe? Wengine wamezaliwa hivyo. Hitilafu ya IRF7, jeni inayosaidia kuiwasha interferoni, iliwahi kumletea mtoto mafua makali yaliyotishia maisha. TLR7, jeni ya kihisi kinachoitambua RNA ya kirusi, imo kwenye kromosomu X, na mwanamume anayo nakala moja tu. Ikiharibika, hana akiba. Wengine hutengeneza kingamwili zinazoizima interferoni yao wenyewe: kati ya wagonjwa 987 wa nimonia kali ya UVIKO-19 waliopimwa, 101 walikuwa nazo, na 95 kati yao walikuwa wanaume. Matokeo hayo yalinishtua, kwani mtu anaweza kuishi nazo asijue lolote mpaka kirusi kimfikie.

Wakati huamua hata tiba. Katika jaribio la RECOVERY nchini Uingereza mwaka 2020, deksamethasoni, ambayo hutuliza mchochota, ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine. Wasiohitaji oksijeni hawakunufaika nayo.

Kwa hiyo sampuli ikinifikia bila tarehe ya dalili kuanza, humpigia daktari wa wodi kabla sijaandika neno lolote kwenye majibu.