Je, wajua kwa nini choo huflashi kivivu hata presha ya maji ikiwa kubwa?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba choo kikiflashi kivivu, mkosaji ni presha. Maji yanatoka bombani, bombani kuna nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayosukuma uchafu. Nilipomwita fundi bomba nilimtajia ugonjwa na dawa yake papo hapo: aongeze presha. Hakubishana nami. Alifunga koki ya choo, akaenda kujaza ndoo, akarudi na kuimwaga yote kwa mkupuo ndani ya bakuli la choo. Choo kikameza kila kitu, kikakoroma, kikanyamaza. Na koki ilikuwa imefungwa.

Presha ya bomba inaishia kwenye boya la tangi. Maji yakishaingia tangini yanatulia tu, chini ya mfuniko ambao hata haukazwi. Yawe yameingia kwa kishindo au yamedondoka tone tone usiku kucha, ukibonyeza ni lita zilezile zinazoanguka kutoka kimo kilekile. Presha ndogo itakuchelewesha tu kusubiri tangi lijae tena. Nakiri kuna vyoo vinavyoitegemea kweli: vile visivyo na tangi, vyenye vali iliyounganishwa moja kwa moja na bomba, ambavyo huonekana zaidi kwenye majengo ya umma. Cha nyumbani chenye tangi la kawaida hakimo katika kundi hilo.

Sasa kama si presha, ni nini kinachovuta? Ndani ya choo, nyuma ya bakuli, kuna njia iliyojipinda kama shingo ya bata: inapanda kwanza, ndipo ishuke kwenda kwenye bomba la majitaka. Mkunjo huo hubaki na maji ili kuzuia harufu isirudi ndani. Mskoti Alexander Cumming aliupatia hataza mwaka 1775. (Thomas Crapper, ambaye watu humpa sifa ya kubuni choo cha kuflashi, alizaliwa karne ya kumi na tisa.)

Chukua glasi ya maji uimimine taratibu ndani ya bakuli. Hakuna kinachotokea. Maji yanapita juu ya ule mpindo kama yanavyofurika ukingoni mwa sufuria, na kina cha bakuli kinabaki vilevile. Ukimimina hivyo mpaka asubuhi, choo hakitaflashi. Lakini mwaga ndoo kwa mara moja: shingo yote inajaa, hewa inafukuzwa, na maji yaliyovuka mpindo yanapoanguka yanavuta yaliyo nyuma yao. Ni kama mkufu ulio mezani: ukiacha kipande kining'inie hadi kizidi uzito, mkufu wote unateleza wenyewe mpaka sakafuni. Aliyewahi kunyonya petroli kwa mpira anaujua mchezo huu. Kazi ni kule kuanza tu. Mvuto hukoma hewa inapoingia shingoni, na ndiyo ule mkoromo wa mwisho.

Wanafizikia wenyewe hawajamaliza ubishi kuhusu kiasi gani mgandamizo wa hewa husaidia maji yasikatike njiani. Mwaka 2010, Stephen Hughes wa Australia alionyesha kwamba kamusi kubwa ya Oxford ilikuwa imeikosea nguvu inayoendesha mtiririko huo, ikataja hewa badala ya uzito wa maji. Basi sikuwa peke yangu.

Kwa hiyo choo kivivu ni choo ambacho shingo yake haikujaa kwa wakati. Tafuta kinachoyachelewesha maji au kuyapunguza. Fungua tangi: maji yafike kama sentimita 2.5 chini ya mdomo wa lile bomba la kupokea ziada. Yakiwa chini zaidi, pandisha boya. Kama mtu aliweka tofali tangini ili kubana matumizi, litoe. Kisha flashi huku umeshikilia mkono wa choo usirudi. Kikivuta vizuri hivyo, basi kifuniko cha mpira kilicho chini ya tangi kinajifunga mapema mno, na mara nyingi ni kwa sababu cheni imelegea. Chukua pia kioo kidogo utazame chini ya ukingo wa bakuli. Vile vitundu huzibwa na ukoko wa chokaa kutoka kwenye maji magumu; siki ya vuguvugu ikiachwa humo kwa saa kadhaa huulainisha, kisha unachokonoa kwa waya. Usiichanganye kamwe na dawa ya klorini, kwa kuwa hutoa gesi ya sumu.

Na ndoo? Ikifanya kazi wakati tangi linashindwa, kasoro iko tangini au kwenye vitundu. Ikishindwa nayo, kuna kitu kimekwama mbele, na hapo ni zamu ya pampu ya mpira. Wengine hulaumu bomba la hewa la juu ya paa. Likiziba linaweza kusumbua, ila ningetarajia masinki nayo yaanze kubwabwaja kabla sijapanda ngazi.

Tahadhari moja inayonipunguzia fahari: si kila choo hunyonya. Vipo vingi ambavyo dimbwi lake ni dogo na liko chini kabisa. Hivyo husukuma uchafu kwa uzito wa maji yanayoporomoka, na hadithi yangu ya mkufu haivihusu sana. Wingi na kasi ya maji ndivyo vinavyohesabika huko pia.

Changu kilikuwa na cheni iliyolegea vipete viwili. Fundi aliifupisha kwa vidole, na koki akaifungua pale pale ilipokuwa mwanzo.