Gari Linalokula Chaji: Maana Yake na Namna ya Kulipima

Mafundi umeme wa magari wa Dar es Salaam husema kwamba gari "linakula chaji" pale ambapo limezimwa, ufunguo umetolewa, milango imefungwa, na bado umeme unaendelea kutoka kwenye betri kiasi kwamba mwenye gari akirudi baada ya siku mbili na kupiga stata, injini haizunguki. Usemi huo ni sahihi, ila unahitaji kukamilishwa, kwa sababu karibu kila gari hula chaji kidogo likiwa limelala. Saa ya dashibodi, kumbukumbu ya redio, kompyuta ya injini na alamu vyote vinahitaji umeme usiku kucha. Tatizo tunalolizungumzia hapa ni mkondo unaozidi kiwango hicho cha kawaida.

Wapo wanaosema betri "inavuja", na neno hilo linapotosha, kwa kuwa umeme haudondoki chini ya gari kama oili. Ni lazima utoke upande wa chanya, upite ndani ya kitu fulani, kisha urudi upande wa hasi kupitia bodi. Kwa hiyo palipo na ulaji wa chaji pana kifaa au njia ambayo imebaki wazi wakati ilipaswa kufungwa, na kitu hicho kinaweza kutafutwa mpaka kikapatikana. Wala hali hii si shoti. Shoti huunguza fyuzi mara moja na kujitangaza, ilhali mkondo huu ni mdogo mno kuunguza fyuzi yoyote, na unaweza kuendelea kwa miezi bila dalili nyingine.

Kiwango cha kawaida kwa magari mengi ni kati ya miliampea 20 na 50 (miliampea elfu moja ni ampea moja), na gari la miaka ya 1990 lisilo na vifaa vya kuongezwa mara nyingi huwa chini ya 30. Hesabu yake ni rahisi. Miliampea 50 kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2. Betri ya aina ya NS60, ambayo hubeba takriban ampea-saa 45, ingechukua zaidi ya wiki mbili kufika nusu. Mkondo ukiwa nusu ampea, betri hiyohiyo inapoteza ampea-saa 12 kwa siku, na ndani ya siku mbili imevuka nusu. Mwenye gari aliyeliegesha Ijumaa jioni atalikuta Jumatatu halina uwezo wa kuzungusha injini.

Hasara haiishii kwenye usumbufu wa kuomba majirani wasukume. Betri ya risasi na asidi inapoachwa bila chaji, salfeti ya risasi hujenga fuwele ngumu juu ya bamba zake, na uwezo unaopotea hivyo haurudi wote hata ukiichaji vizuri. Joto la Dar es Salaam nalo huharakisha uchakavu wa betri kwa jumla. Ndiyo maana napinga kabisa desturi ya kukimbilia betri mpya kabla ya kupima. Gari langu dogo la mwaka 1996, linalolala nje huko Tabata, liliua betri mbili ndani ya mwaka mmoja, na ya pili ilikuwa mpya kabisa. Kosa halikuwa la betri.

Kabla ya kutafuta ulaji, ni vema kuhakikisha kwamba ndio ugonjwa wenyewe. Betri nzima iliyojaa, ikipumzika saa kadhaa, huonyesha takriban volti 12.6, na kwenye volti 12.2 imebaki na karibu nusu. Ichaji ijae, legeza waya wa hasi, uiache usiku mzima bila kuunganishwa na chochote. Ikishuka sana peke yake, betri ndiyo mbovu. Ikibaki ilivyo, rudisha waya, washa injini na upime tena: altaneta, yaani kifaa kinachozungushwa na injini ili kuichaji betri, ikifanya kazi hutoa kati ya volti 13.8 na 14.4. Hapa jijini inafaa kukumbuka pia safari zetu, kwani gari linalokaa foleni ya Barabara ya Morogoro huku kiyoyozi, taa na feni vikifanya kazi, kisha likazimwa baada ya mwendo mfupi, linaweza kuwa halijarudishiwa chaji ya kutosha.

Vipimo hivyo vikipita, ndipo mkondo wenyewe unapimwa. Mita ya umeme huwekwa kwenye nafasi ya ampea 10, waya wake mwekundu ukiwa katika tundu la ampea, kisha huunganishwa kati ya kichwa cha hasi cha betri na waya wa hasi uliotolewa, ili umeme wote wa gari upite ndani ya mita. Usipige stata wala kuwasha taa kubwa wakati huo, kwa maana stata huhitaji zaidi ya ampea mia moja na mita itaungua fyuzi yake. Funga milango yote. Ikiwa lazima mlango mmoja ubaki wazi, sukuma kufuli lake kwa bisibisi, na ubonyeze swichi ya taa ya ndani. Halafu subiri. Gari la zamani hutulia ndani ya dakika chache, lakini lenye alamu au kifaa cha kufuatilia mahali lilipo linaweza kuhitaji nusu saa, na anayesoma mita mapema atahukumu isivyo haki.

Kwa sababu hiyohiyo siikubali njia ya kugusisha waya kwenye kichwa cha betri na kutazama cheche. Cheche ndogo hutokea hata kwenye gari lisilo na tatizo, kwani vifaa vyake hujijaza umeme mara tu vinapounganishwa. Isitoshe, betri iliyotoka kuchajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo huweza kulipuka.

Mita ikionyesha namba kubwa, chomoa fyuzi moja baada ya nyingine huku mtu akiitazama. Fyuzi inayoishusha ghafla ndiyo inayolisha mlaji. Kwenye gari langu mita ilisoma ampea 0.43, na ilipotolewa fyuzi ya taa ya ndani, ya buti na redio ikashuka hadi 0.02. Niliiacha simu ikirekodi video ndani ya buti na kulifunga: taa ilibaki inawaka. Swichi yake ilikuwa imekwama kwa kutu, na balbu ya wati 5 peke yake hula takriban ampea 0.4.

Mara nyingi, hata hivyo, mlaji ni kitu kilichoongezwa. Redio za magari ya zamani yaliyotoka Japani hupokea FM ya megahezi 76 hadi 90, ilhali vituo vya hapa huenea hadi 108, hivyo wenye magari wengi hubadilisha redio au huongeza kifaa cha kugeuza masafa. Redio mpya huwa na waya wa njano wa kumbukumbu, unaopata umeme muda wote, na mwekundu unaopaswa kupata umeme ufunguo unapogeuzwa tu. Aliyeifunga kwa haraka akiziunganisha mbili hizo pamoja, redio au amplifaya yake haizimiki kikamilifu. Alamu na vifaa vya kufuatilia gari vinastahili kukaguliwa kwa jicho hilohilo.

Ikiwa fyuzi zote zimetolewa na namba haijashuka, tazama waya mnene wa altaneta, ambao katika magari mengi haupiti kwenye boksi la fyuzi la ndani. Diodi, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ikiharibika humo huruhusu umeme urudi kutoka kwenye betri, na wakati mwingine altaneta hukutwa na joto asubuhi kabla injini haijawashwa. Toa kwanza waya wa hasi wa betri, fungua waya huo mnene wa altaneta, ufunike ncha yake kwa utepe, kisha rudisha mita mahali pake. Namba ikishuka, altaneta ndiyo inayopelekwa kwa fundi, na betri inabaki ileile.