Nani Asisome? Dhana potofu kuhusu vitabu vya ngono na marufuku yake

Dhana: Mahakama zilipima maneno yaliyomo kitabuni, basi.

Hapa ndipo tunapokosea zaidi. Katika kesi ya Hicklin ya mwaka 1868, Jaji Mkuu wa Uingereza, Cockburn, aliweka kipimo cha uchafu: je, maandishi haya yanaelekea kuwapotosha watu wepesi wa kupotoka, iwapo yatawafikia? Swali kubwa likawa ni msomaji. Na kijitabu kilichozaa kipimo hicho hakikuandikwa kumwamshia mtu ashiki. Kilishambulia maungamo ya Kanisa Katoliki.

Fikra hiyo haikufa upesi. Mwaka 1960 kampuni ya Penguin ilishtakiwa London kwa kuchapa *Lady Chatterley's Lover* ya D. H. Lawrence. Mwendesha mashtaka akawauliza wazee wa baraza kama wangetaka wake zao, au hata watumishi wao, wakisome kitabu kile. Watatu kati ya wazee hao 12 walikuwa wanawake, wamekaa pale pale wanamsikiliza! Nakala moja ilikuwa shilingi 3 na peni 6, bei ambayo kibarua angeimudu. Kwangu mimi, bei hiyo ndiyo iliyowatia hofu wakubwa kuliko kurasa zenyewe. Penguin ilishinda.

Dhana: Kitabu kisichoeleza ya chumbani kilikuwa salama.

Hapana. *The Well of Loneliness* ya Radclyffe Hall hakina hata ukurasa mmoja unaoeleza tendo lenyewe. Kilisimulia mapenzi ya wanawake wawili, na mwaka 1928 mahakama ya London ikaamuru nakala ziteketezwe. Nchini Marekani, sheria ya Comstock ya mwaka 1873 ilikataza kutuma kwa posta maandishi machafu pamoja na maelezo ya kuzuia mimba. Mama aliyechoka kuzaa alinyimwa elimu ya mwili wake kwa sheria ile ile iliyomwandama muuza picha za uchi. Hilo linaniuma kuliko yote.

Dhana: Marufuku iliviua vitabu.

Vilihama tu. *Tropic of Cancer* ya Henry Miller kilichapwa Paris mwaka 1934, wasafiri wakakivusha kwa siri. Marekani kilitolewa mwaka 1961, kesi zikamiminika, hadi Mahakama ya Juu ilipokiruhusu mwaka 1964.

Dhana: Ni wanaume tu walioandika haya.

*Histoire d'O*, kitabu cha hadithi ya ngono, kilipotoka Ufaransa mwaka 1954 kwa jina la Pauline Réage, wapo walioapa kuwa mwanamke hawezi kuandika namna ile. Miaka 40 baadaye, bibi mwenye umri wa zaidi ya miaka 80, Anne Desclos, alikiri hadharani kwamba ni yeye.