Maneno marefu ya Kipolandi: tunayodhani na yalivyo

"Neno likiwa refu, ndivyo linavyozidi ugumu." Hapana. Chukua Konstantynopolitańczykowianeczka, msichana wa Konstantinopoli, neno la kuchezea ulimi. Lina herufi 32, lakini hukatika kwa utaratibu: Kon-stan-ty-no-po-li-tań-czy-ko-wia-necz-ka. Silabi 12, mkazo kwenye *necz*, ya pili kutoka mwisho, kama kwetu tu. Yanayotesa ni maneno mafupi.

"Herufi nyingi, silabi nyingi." Chrząszcz ni mdudu mwenye mabawa magumu. Herufi tisa, silabi moja! Ch, rz, sz na cz kila moja ni sauti moja, kama *sh* yetu, na irabu iliyopo ni ą peke yake. Hesabu irabu, achana na herufi. Tena usichomeke irabu zako katikati ukasema "Waruszawa"; Warszawa ni War-SZA-wa, silabi tatu.

"Herufi i ni irabu, kwa hiyo ihesabiwe." Hapa ndipo Mswahili anapoumbuka. *Bia* ya kunywa ina silabi mbili, bi-a. Lakini *bia* iliyo ndani ya biały (eupe) ni silabi moja: BIA-ły. Ikifuatwa na irabu nyingine, kazi ya i mara nyingi ni kulainisha konsonanti tu. Babcia, yaani bibi, ni BAB-cia. Ukihesabu tatu, utasema bab-CI-a, na bibi mwenyewe hatageuka.

"Mkazo ukishakaa, haubanduki." Sisi wenyewe husema NYU-mba, kisha nyu-MBA-ni. Nao ni hivyo hivyo: te-LE-fon, te-le-FO-nu, te-le-fo-NA-mi.

"Ni ya pili kutoka mwisho, siku zote." Karibu siku zote. Maneno mengi yenye asili ya Kigiriki na Kilatini yanayoishia na -yka au -ika hurudi nyuma hatua moja: MU-zy-ka, ma-te-MA-ty-ka, A-fry-ka. (Sisi tuna *barabara* yenye maana ya sawasawa, tunayoikazia *ra* ya kwanza, kwa hiyo tusiwacheke.) Vitenzi navyo vina mambo yake: zro-BI-li-śmy, "tulifanya", hukazwa silabi ya tatu kutoka mwisho, zro-BI-li-byś-my, "tungefanya", ya nne. Mitaani utasikia wengi wakisema mu-ZY-ka na zro-bi-LI-śmy. Darasani, mwalimu atakusahihisha.