Walimu wa Sanaa na Michezo, anzeni na wimbo wa noti tano

Tangu mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 uingie madarasani, walimu wa shule za msingi hapa Moshi wanatuuliza swali lilelile: tutafundishaje muziki bila kinanda? Wimbo wa jadi wa noti tano unatosha kabisa kuanzia.

Noti tano si kwaya ya sauti nne iliyoongezwa ya tano. Ni do, re, mi, so, la. Fa na ti hazimo, na hizo ndizo zinazoleta nusu toni, yaani hatua fupi kabisa kati ya noti mbili, mahali ambapo watoto wadogo hupotea. Zisipokuwepo, kundi moja linaweza kushikilia so–mi, so–mi huku jingine likiimba wimbo wenyewe, na sauti zisigombane. Huko Hungaria, mtunzi na mwalimu wa muziki Zoltán Kodály alijenga ufundishaji wake juu ya nyimbo za jadi za aina hii. Alitumia solfa ya kuhamisha do, yaani do huwekwa kwenye sauti yoyote wimbo unapoanzia ngazi yake, kama ile inayosomwa na kwaya zetu za usharika.

Lakini tafadhali, na hili tumelisema mara nyingi: si kila wimbo wa jadi una noti tano. Wagogo wa Dodoma wanajulikana kwa ngazi yao ya noti tano. Usidhani wimbo wa Kichaga au wa Kimeru lazima uwe hivyo kwa kuwa tu ni wa zamani. Uandike kwa solfa, noti kwa noti. Ukikuta fa, wimbo huo uweke kando hadi madarasa ya juu. Usiichomoe fa ili wimbo utoshe somo. Utakuwa umeharibu wimbo wa watu.

Unapokusanya nyimbo, mweleze mzee anayekuimbia unautaka wimbo wake kwa kazi gani. Andika jina lake, kijiji, tarehe, lugha, na wimbo huimbwa wakati gani. Kipengele hicho cha mwisho kisirukwe, maana zipo nyimbo za jando na za msiba zisizofaa darasani. Nakala moja ibaki kwa mwalimu mkuu. Kurekodi kwa ajili ya kuuza ni jambo jingine: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda pia sanaa za jadi, hivyo kibali kiombwe kwanza, tena kwa maandishi.

Nanyi wazazi mnaosema watoto wanachezeshwa ngoma badala ya kusoma, ombeni nafasi mkae darasani kipindi kimoja. Mtamwona mwanao akitazama s, m, l (so, mi, la) ubaoni na kuziimba sawasawa, bila kuongozwa na mtu.